Usiwe Kibarua Katika Nyumba Yako Mwenyewe



Wapendwa wanandoa, jioni moja baada ya sala ya jumuiya hapa Ruiru, baba mmoja alibaki langoni akinisubiri mpaka watu wote wakaondoka. Nilidhani anataka kuniuliza habari za ubatizo wa mtoto. Kumbe alikuwa na swali jingine. "Mwalimu," akaniambia, "mtu akiungama dhambi ile ile mara tatu, kwa mapadre watatu, je, ondoleo la tatu lina nguvu kuliko la kwanza?"

Nikamjibu kama tunavyowafundisha wakatekumeni: ukiungama kwa moyo wa kweli, ondoleo la kwanza latosha. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mbona mimi silali?"

Baba huyu alikuwa amepoteza pesa. Hakuzinywa, wala hakuzipeleka kwa mwanamke wa nje. Alilipia ploti ambayo haikuwa mali ya yule aliyemwuzia, na pesa zenyewe zilikuwa karo ya watoto pamoja na akiba ya mkewe. Mkewe alilia, akakasirika, halafu baada ya miezi akamsamehe. Padre alimwondolea dhambi. Watoto walikwisha kusahau. Aliyebaki na kesi ni yeye peke yake, na katika kesi hiyo yeye ndiye mshitaki, yeye ndiye hakimu, na yeye ndiye mfungwa.

Ameniruhusu niandike habari hii bila kumtaja jina. Nami nimekubali kuiandika kwa sababu namfahamu mfungwa huyo vizuri. Niliwahi kukaa katika seli hiyo hiyo kwa karibu miaka miwili.

Hatuko peke yetu

Mpenzi msomaji, ukipanda matatu Thika ukashuka Ruiru, mwendo wa kilomita 20 hivi, huenda umeketi na watu kadhaa wenye mzigo wa namna hii. Wengine walichomwa na michezo ya piramidi iliyoenea nchini Kenya mnamo miaka ya 2006 na 2007. Jopo lililoongozwa na Francis Nyenze, ambalo lilitoa ripoti yake mwaka 2009, lilionyesha kwamba Wakenya walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 katika michezo hiyo. Wengine waliweka akiba yao katika Ekeza Sacco, iliyokuwa na wanachama wengi upande huu wa Thika, mpaka mwaka 2018 Kamishna wa Ushirika alipofuta usajili wake. Wengine waliingia katika ploti. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, bei ya ardhi ilipaa, mashamba ya kahawa yakakatwa vipande, na walaghai wakaingia sokoni bega kwa bega na wauzaji wa kweli. Na siku hizi mtu hahitaji hata kutoka nyumbani ili apate hasara. Simu iko mfukoni, na ndani yake mna mikopo na kamari, usiku na mchana.

Nayataja haya ili wewe unayesoma ukiwa umejifungia moyoni ujue kwamba si wewe mjinga wa kwanza, wala hutakuwa wa mwisho. Waliopoteza ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara, na makatekista pia.

Mwaka wa kware

Mwishoni mwa mwaka 2013 nchi yetu ilishikwa na homa ya kware. Ilisemekana mayai yake yanatibu kila kitu, tangu presha mpaka kisukari, na yai moja, dogo kuliko hata limau, lilifika kuuzwa shilingi 100. Kwa kuwa kware ni ndege wa porini, mfugaji alitakiwa kupata leseni kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Nami nikaitafuta leseni yangu.

Wakati huo nilikuwa mtunza stoo katika kiwanda kimoja hapa Ruiru. Mama watoto alikuwa akiuza mboga katika Soko la Madaraka, Thika, akitoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni. Kila mwezi alinipa kitu kidogo nimwekee, ili mtoto wetu wa kwanza apate karo ya kidato cha kwanza mwaka 2015. Zilikuwa zimefika shilingi 60,000. Nilizichukua zote. Tena nikakopa shilingi 180,000 kwenye sacco, nikadhaminiwa na watu watatu, na mmoja wao tulikuwa naye katika jumuiya. Mama watoto nilimwambia nimekopa 50,000 tu, na kwamba akiba yake iko salama.

Miezi ya kwanza niliuza vizuri. Nilijiona mjuzi wa mifugo kama Yakobo katika kundi la Labani. Lakini kufikia katikati ya mwaka 2014, kila boma lilikuwa na vizimba vya kware. Kumbe tulikuwa tukiuziana sisi wafugaji wenyewe kwa wenyewe. Walaji wa kweli walikuwa wachache mno. Yai likashuka likafika shilingi 5, na hata kwa bei hiyo hakuna aliyelitaka. Tulikula mayai ya kware asubuhi na jioni mpaka watoto wakayakimbia. Mama watoto aliujua ukweli siku mdhamini wangu alipokuja nyumbani ameshika karatasi yake ya mshahara, nao umekatwa kwa ajili yangu.

Sitaeleza machozi ya usiku ule. Nataka kueleza yaliyofuata, maana ndiyo mada yetu ya leo.

Nilikwenda kuungama, nikapokea ondoleo. Mama watoto naye alinisamehe, polepole, kama jeraha linavyofunga. Mtoto hakuenda ile shule ya bweni tuliyoipanga. Aliingia shule ya kutwa ya karibu. Lakini mimi nilijitungia adhabu yangu mwenyewe. Nilimkabidhi mama watoto kadi ya benki, nikasema sitaki tena kujua habari za pesa. Nilitembea kwa miguu kwenda kazini na kurudi. Nyama ikipikwa, nilijipakulia mchuzi. Nikiulizwa neno lolote la nyumbani, tulipe nini kwanza, mtoto apelekwe wapi, jibu langu lilikuwa moja: "Amua wewe, mimi sina neno." Nilidhani huo ndio unyenyekevu.

Usiku mmoja wa Kwaresima ya mwaka 2016, mama watoto alifika kutoka Thika saa mbili usiku, amenyeshewa. Mwenye nyumba alikuwa amekuja mchana kuongea juu ya kodi, nami nikamjibu amngoje mama. Akasikia hayo, akaweka kikapu chini, akanitazama. "Baba watoto," akasema, "mimi sikuolewa na kibarua. Niliolewa na mume. Pesa zilipotea mara moja. Wewe unapotea kila siku."

Maneno ambayo yule mwana hakuyamaliza

Jumapili iliyofuata, tarehe 6 Machi 2016, ilikuwa Jumapili ya Nne ya Kwaresima, nayo iliangukia katika Mwaka Mtakatifu wa Huruma aliokuwa ameutangaza Baba Mtakatifu Fransisko. Injili ya siku hiyo ilitoka Luka sura ya 15, habari ya mwana mpotevu. Nilikuwa nimeifundisha mara nyingi. Siku hiyo kwa mara ya kwanza niliisikia.

Hebu kumbukeni habari yenyewe. Kijana huyu kosa lake lilihusu pesa. Alichukua urithi wake, akautapanya, akabaki na njaa. Kule kwenye nguruwe alipanga maneno atakayomwambia baba yake, nayo yalikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, nimekosa. Ya pili, sistahili kuitwa mwanao. Ya tatu, nifanye kama mmoja wa watu wako wa mshahara. Kwa lugha yetu ya Thika na Ruiru, aliomba awe kibarua.

Sasa fungueni Biblia, msome polepole pale anapokutana na baba yake. Sehemu ya kwanza anaisema. Sehemu ya pili anaisema. Sehemu ya tatu haipo! Baba hangoji kuisikia. Anaita watumishi walete vazi, pete na viatu.

Kwa nini? Kibarua ni mtu anayefanya kazi ya siku, analipwa, anakwenda zake. Hashirikishwi katika mipango ya boma. Ng'ombe akiugua usiku, si usiku wake yeye. Kule kuomba kibarua kulionekana kama unyenyekevu, lakini ndani yake mlifichama kiburi: nitajilipia mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka niridhike kwamba nimeadhibiwa vya kutosha. Baba alitaka kitu kigumu zaidi ya hicho. Alitaka kijana awe tena mwana, abebe mambo ya nyumba pamoja na wengine, na aonekane mezani na uso wake.

Tena angalieni ile pete. Ilivishwa mkono gani? Mkono ule ule ulioitapanya mali.

Ndugu yangu, dada yangu, wewe pia una pete. Siku ulipovishwa mbele ya altare hukuulizwa kama wewe ni hodari wa hesabu. Uliahidi kuwa mwaminifu katika taabu na raha, nawe ukaahidiwa vivyo hivyo. Hasara ya pesa haikuvua pete hiyo. Unapojigeuza kibarua katika nyumba yako, unavua mwenyewe kile ambacho Mungu na mwenzi wako hawakukuvua, na mzigo uliokuwa wa watu wawili unamwangukia mmoja. Ndivyo nilivyomfanyia mama watoto. Nilidhani najiadhibu mimi, kumbe adhabu yenyewe alikuwa akiitumikia yeye.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume juu ya upendo ndani ya familia, Amoris Laetitia, uliotolewa mwaka huo huo wa 2016, aligusa jambo hili katika namba 107. Alifundisha kwamba ili tuweze kuwasamehe wengine, tunahitaji pia kujielewa na kujisamehe sisi wenyewe. Nimeyaona hayo kwa macho. Mtu asiyejisamehe huwa mkali. Leo anajichapa mwenyewe, kesho anamchapa mtoto aliyepoteza kalamu.

Kosa, dhambi na deni

Wengine watasema, "Mwalimu, ukimwambia mtu ajisamehe, si unamfungulia mlango akakope tena?" Ni swali la haki. Nami najibu kwamba kujisamehe si kujidanganya. Ni kutenganisha mambo matatu ambayo aibu huyafunga katika furushi moja. Chukua karatasi, uichore safu tatu.

Safu ya kwanza ni kosa. Hapa andika yale uliyoyafanya kwa kutojua au kwa kutofikiri vizuri. Mimi niliandika: sikuuliza ni nani anayekula mayai haya. Yule baba wa ploti aliandika: sikwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi wa hati. Kosa la namna hii si lazima liwe dhambi. Dawa yake ni kujifunza. Ulipe somo hilo heshima, kwa sababu umelinunua kwa bei ghali. Kabla ya kutoa shilingi, uliza kama sacco hiyo imeandikishwa, pekua hati ya ardhi, na ukiambiwa uharakishe leo kabla ya saa kumi, ngoja mpaka kesho. Tena liongeeni wawili. Hata sheria ya nchi imeliona jambo hili: Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya mume na mke kabla ya nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani.

Safu ya pili ni dhambi. Hapa usijitetee. Kununua kware haikuwa dhambi yangu. Dhambi yangu ilikuwa uongo niliomwambia mke wangu, na kutumia akiba aliyoniaminia bila kumwuliza. Pengine yako ni tamaa, au kamari, au kiburi cha kutaka kuwashinda majirani. Dawa ya dhambi ni kitubio. Majuto, maungamo, ondoleo na malipizi, basi. Ukishaungama kwa ukweli ukaondolewa, usirudi tena na dhambi ile ile kama mtu anayedhani risiti ya kwanza ilikuwa bandia.

Safu ya tatu ni deni. Hili haliondoki kwa ondoleo. Wadhamini wangu walikuwa na watoto wao, nao walikatwa mishahara. Ilinipasa kuwaendea mmoja mmoja na kuwaambia, kila mwezi nitakupa kiasi hiki. Kilikuwa kidogo, nao wakakubali. Haba na haba hujaza kibaba. Wa mwisho nilimmalizia mwezi wa Desemba, mwaka 2018.

Hapa namkumbuka Zakayo katika Luka sura ya 19. Yeye alitaja hesabu wazi: nusu ya mali kwa maskini, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Lakini angalieni mpangilio. Yesu aliingia nyumbani kwake kabla hajarudisha hata senti moja. Wokovu ulifika siku ile ile, na malipo yakafuata. Sisi twataka kinyume chake. Twasema, nikimaliza kulipa ndipo nitakapoinua uso. La! Inua uso kwanza, ndipo utakapoweza kulipa. Mtu aliyejificha halipi madeni yake, huyakimbia.

Sasa karatasi yako ina safu tatu: kosa la kujifunzia, dhambi ya kuungama, deni la kulipa. Tafuta safu ya nne iitwayo "kujichukia". Haimo. Hakuna mtu unayemdai nayo, hakuna anayekudai nayo, wala haimlishi mtoto yeyote.

Mfa maji

Kuna jambo jingine ninaloliona mara nyingi. Asiyejisamehe hutaka kuifuta hasara haraka, kabla haijajulikana. Mama mmoja wa Thika alipoteza pesa za chama alizokuwa ameshika. Badala ya kusema, alikopa kwenye simu azirudishe. Mkopo ulipoiva, akakopa mahali pengine kuulipa ule wa kwanza. Kisha wa tatu. Mfa maji haachi kutapatapa. Alipomwambia mumewe, deni lilikuwa limezidi mara mbili ile hasara ya mwanzo. Aibu ilimgharimu zaidi kuliko chama.

Kama uko hapo leo, simama. Usikope tena ili kufunika. Usiweke dau la mwisho la kukomboa yote. Mwambie mwenzi wako leo jioni hesabu nzima, si nusu. Nusu ya ukweli ni uongo mpya, na kesho utakuwa na kazi ya kuungama mara ya pili.

Yuda na Petro

Katika usiku ule wa mateso, mitume wawili walimkosea Bwana. Petro alimkana mara tatu. Yuda alimwuza kwa vipande thelathini vya fedha. Wote wawili walijuta. Mathayo anatueleza katika sura ya 27 kwamba Yuda hata alirudisha zile fedha, akazitupa hekaluni. Kwa hesabu ya pesa tu, Yuda alilipa zaidi ya Petro! Tofauti yao ilikuwa wapi? Petro alilia, lakini alibaki na wenzake, na asubuhi moja kando ya ziwa akaulizwa mara tatu kama anapenda. Yuda alikwenda peke yake.

Nasema haya kwa upole mkubwa, maana ziko familia kati yetu zilizompoteza mtu kwa ajili ya madeni, na Mama Kanisa anawaombea marehemu hao akiwakabidhi kwa huruma ya Mungu. Lakini wewe uliye hai, ukianza kuona mawazo kwamba nyumba itapona ukiondoka, jua kwamba huo ni uongo. Usilale nayo. Mwambie mwenzi wako, paroko, daktari, au jirani, leo hii. Watoto wako wanaweza kuishi bila ploti. Wewe ndiwe wanayekuhitaji.

Kwa wewe uliyekosewa

Huenda wewe unayesoma si mwenye kupoteza. Wewe ndiwe uliyepotezewa. Hasira yako ina haki yake, wala sikuombi uimeze kwa siku moja. Nakuomba mambo mawili tu.

Kwanza, kosa moja haliachi mke, wala mume. Ukishasamehe, usiliweke kosa kabatini ulitoe siku ya ugomvi. Kila ukisema "kama wakati ule wa kware," unamrudisha mwenzako kwenye nguruwe.

Pili, usimkubalie awe kibarua. Ni rahisi kumkubalia, kwa maana nyumba inakuwa kimya, nawe unaamua yote. Lakini kimya hicho si amani. Mrudishie neno, hata kama ni kwa jambo dogo. Mama watoto alianza kwa kuniambia, "Nenda kaongee na mwenye nyumba mwenyewe." Nilitetemeka njiani kama mtoto aliyetumwa kwa mwalimu mkuu. Nilirudi tumepewa wiki mbili. Hiyo ndiyo siku niliyovishwa viatu.

Uhunzi haujaisha

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo lilivunjika kweli, tusijidanganye. Mtoto wetu hakupata ile shule tuliyoipanga, na jambo hilo siwezi kulirudisha. Yeye mwenyewe hulicheka sasa. Mimi bado hulikumbuka, hasa mwezi wa Januari watoto wa jirani wanapobeba masanduku. Kujisamehe hakukufuta kumbukumbu yangu. Kulinipa ruhusa ya kuketi tena mezani nikiwa nayo.

Yule baba wa langoni nilimweleza habari ya mayai, akacheka kwa mara ya kwanza. Ploti yake haijarudi. Lakini majuzi alinisimamisha baada ya Misa, akaniambia wamekesha na mkewe wakipanga karo ya muhula, tena wakabishana sana. Mkewe alikuwa kando yake. Nikamwuliza, "Na wewe mama, hukukasirika alipokubishia?" Akajibu, "Mwalimu, ni miaka mitatu sijapata mtu wa kubishana naye. Nilifurahi."

Wapendwa, wiki hii chagueni jioni moja. Zimeni televisheni, wekeni simu mbali, salini Baba Yetu pamoja, hasa pale tunapoomba tusamehewe kama tunavyosamehe. Kisha chukueni karatasi yenye safu tatu, muulizane kwa upole:

1. Je, kuna hasara katika nyumba yetu ambayo hatujaitaja kwa hesabu yake kamili?

2. Je, mmoja wetu amejigeuza kibarua, akanyamaza katika mambo ya pesa? Mwenzake amemsaidia kurudi, au ameona afadhali hivyo?

3. Je, ni nani tunayemdai au anayetudai, nasi tutampa kiasi gani mwezi huu, hata kiwe kidogo?

4. Je, tumejifunza neno gani ambalo tungependa watoto wetu walijue kabla hawajashika pesa zao wenyewe?

Halafu pikeni chakula mkipendacho, nawe uliyezoea kujipakulia mchuzi, chukua na nyama.

Mungu Baba, uliyemkimbilia mwanao angali mbali, utukimbilie na sisi. Utupe kuungama bila kuficha, kulipa bila kukimbia, na kuketi mezani bila kuinamisha uso. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.